Kiti cha Katikati

Juzi huko Makindu nimeona fundi akikalisha mteja kwa sofa, akisogeza spika nyuma ya masikio yake, na ile hasira ya utoto ikanirudia yote.

Mimi nilipewa jina la nyanya, kwa hivyo Ankol Musyoka, ndugu ya baba, alikuwa ananiita mama, kama mama yake. Mchana mmoja alikuwa anapanga spika za muziki sebuleni, nyumba ikinuka rangi mpya na waya iliyoungua. Spika mbili aliweka mbele, mbili kando ya kiti cha katikati alichonikalisha, nyuma kidogo. Kila akisogeza moja, ananiuliza.

"Mama, unasikia pande zote?"

"Hii ya kushoto inanipigia kelele."

"Sawa mama. Usitoke hapo, wewe ndio mwenye kiti."

Nilidhani sauti imefungwa kwa kiti na hizo waya, nikihama itapotea. Nikakaa tu, mkojo umenibana, harufu ya chapati ikitoka jikoni kwa nyanya.

Halafu akaingia msichana mmoja ananukia marashi, yule ankol alitaka kuoa. Ankol hata hakuniangalia usoni.

"Wee mtoto, toka kwa kiti ya mgeni. Enda ufukuze kuku."

Siku hizi najua spika alipanga vizuri kabisa, alitaka tu masikio yangu ya kupimia hadi mgeni afike.

Jioni, mgeni akiwa ameenda, ankol akaniita kwa sauti tamu. "Mama, niletee maji ya kunywa."

Nikamwambia mama yake yuko jikoni.