Kabati la Kipimo na Fundi Wake

Mtaani walimwita Kipimo, na jina lilimkaa. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na tangu ujana wake hakuna aliyewahi kumsikia akisema "kama hapa hivi". Utepe wake wa kupimia ulining'inia shingoni kutwa nzima, hata akitoka kwenda kununua mkate.

Mwaka ule mdogo wake aliolewa. Watu walicheka kidogo, maana bibi harusi alikuwa na mvi, na bwana harusi alikuwa mgane, dereva mstaafu mwenye tumbo la kutosha. Ndugu hao wawili walikuwa wameishi nyumba moja tangu wazazi wao walipofariki, wakigombana juu ya chumvi na kupatana kabla chakula hakijapoa. Posa zilikuja zamani, tena si moja. Mdogo mtu alizikataa zote kwa neno lilelile: "Nani atabaki na Dada?" Safari hii Kipimo mwenyewe ndiye aliyemsukuma akubali.

Siku ya kuhama, mdogo wake alisimama mbele ya kabati kubwa ambalo alilinunua mwenyewe, akasema, "Dada, hili libaki."

"Lichukue!" Kipimo alijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. "Mimi nitanunua la kisasa."

Basi likachukuliwa. Nguo za Kipimo zikahamia kwenye viti, na kwa kuwa hakuna mgeni aliyekuja, hakuna aliyekosa pa kukaa.

La kisasa lilifika ndani ya maboksi mawili bapa: mbao za unga wa miti uliogandishwa kwa gundi, mfuko wa skrubu, kijifunguo cha chuma kilichopinda, na karatasi ya michoro isiyo na neno hata moja. Mchoro wa kwanza ulionyesha mtu mmoja amenuna, amepigwa alama ya mkasi kama jibu lililokosewa. Pembeni yake walikuwa watu wawili wanatabasamu.

"Na wewe nani kakuuliza?" Kipimo aliiambia karatasi, akaigeuza.

Jioni mdogo wake alipiga simu, kama kila jioni. "Dada, umepata mtu wa kukusaidia?"

"Fundi yupo. Anaanza kesho."

Ulimi hauna mfupa. Angesema kweli, mdogo wake angekuja mbio, kisha angekaa kwa mumewe huku roho yake iko kwenye nyumba ya zamani. Kipimo hakutaka hilo hata kidogo. Kilichomsumbua ni kwamba alilitaka pia.

Kesho yake alikwenda duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akamwekea mezani drili ya umeme, inang'aa.

"Hii hapa mama, dakika tano umemaliza."

"Dakika tano nimeharibu," alisema Kipimo. "Mbao hizi ni laini. Hii ikizidisha mzunguko mmoja, tundu limepanuka, skrubu inacheza. Nipe bisibisi ya mkono, yenye ncha ya nyota."

Alizijaribu moja baada ya nyingine, akizizungusha hewani, maana mkasi uliomfundisha kazi ulimfundisha pia kwamba chombo kisichoenea kiganjani kitakugombanisha na kazi. Akachagua yenye mpini mnene. Akaongeza nyundo ya mpira, isije ikatia makovu kwenye mbao, na pimamaji fupi ya kuonyesha kama kitu kimekaa sawa.

"Na nani atakushikia upande wa pili?" aliuliza muuzaji.

Kipimo aliinua macho. Ukutani zilining'inia jiriwa, zile za kubana mbao mbili zisiachane. "Nipe hizo mbili," alisema. "Hizo haziombi chai."

Muuzaji alicheka. Yeye hakucheka.

Kazi ilimchukua siku kadhaa, baada ya kushona. Jiriwa zilishika, bisibisi ikakaza hadi mkono ukasema basi. Aliipenda ile kazi, na jioni aliisimulia yote kama kazi ya fundi. Kufika katikati ya wiki, fundi huyo alikuwa na mke mkali, kikohozi, na tabia ya kunywa chai bila sukari. Mdogo wake aliuliza habari zake. Wakati mwingine, kabla ya kulala, Kipimo alijikuta akifikiria kesho fundi atasema nini.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Kabati lilijengwa limelala sakafuni, kifudifudi, kama michoro ilivyotaka. Alipopigilia mgongo, lilibaki jambo moja tu, kulisimamisha. Alikuwa amepima ukuta, amepima mlango, amepima dari. Hakuwa amejipima yeye mwenyewe. Alilinyanyua hadi usawa wa magoti, likamshinda, akalishusha. Akajaribu kulikingia kiti, kiti kikateleza. Kidole kimoja hakivunji chawa, na methali hiyo ilimuudhi kwa sababu aliijua tangu utotoni.

Akakaa juu ya mgongo wa kabati, akalia. Hakulilia mbao. Alilia kwa sababu nyumba ilikuwa kimya na yeye ndiye aliyeinyamazisha.

Simu ikaita. "Fundi amemaliza?"

"Hakuna fundi."

"Na kikohozi chake?"

"Hata kikohozi hakuna."

"Dada! Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja."

"Sasa si ndiyo!"

"Ndiyo maana."

Asubuhi mdogo wake aliingia bila kubisha, akavua viatu, akashika upande wa pili. "Haya, moja, mbili." Kabati likasimama mara moja, kama lililokuwa linajisikilizia tu. Wakacheka hadi wakashikana mabega. Wakaupachika mlango wa kulia, wakapanga nguo, wakagombana zikunjwe au zitundikwe. Kipimo hakuwahi kufurahia ugomvi kiasi kile.

Kisha nje gari likapiga honi, kwa adabu, kama dereva mstaafu anavyopiga.

"Shemeji yako huyo," alisema mdogo wake, akitafuta viatu.

Mlango wa kushoto ulikuwa bado umeegemea ukutani. Bawaba zake zilikwishafungwa, zimebaki skrubu chache tu. Asubuhi ile ile Kipimo alikuwa ameutoa sebuleni ameubana kwapani kama gazeti, na mkono wa pili ameshika kikombe.

"Na huu?" aliuliza. "Huu peke yangu siuwezi."

Mdogo wake aliutazama mlango. Akamtazama dada yake, na bisibisi iliyokuwa mkononi mwake. Honi ikalia tena.

"Kweli," akasema. "Huu ni mzito mno. Usiuguse mpaka nije Jumamosi."