Barua ya Kuomba Ng'ombe

Nilipokuwa darasa la sita, hapa Karatu, hakuna aliyenishinda kwa visawe. Mwalimu akisema "leta", mimi nimeshanyoosha mkono: "wasilisha". Akisema "upesi", nasema "bila kuchelewa". Majivuno nilikuwa nayo, sikatai. Nyumbani nilimringia baba yangu mpenzi, ambaye Kiswahili alikijulia ukubwani na alikisema taratibu, kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.

Mwaka huo mama aliugua baada ya kujifungua, maziwa yakamkauka. Ng'ombe wetu wa maziwa alikuwa Endamarariek, kwa rafiki wa baba. Ndivyo tulivyofuga: unamweka ng'ombe kwa mwenzako, anamtunza na kumkamua, na siku ukipata shida anakuletea. Lakini kuna namna ya kumwomba. Ukimdai kwa ukali, umemwita mwenzako mwizi.

Baba akaniita nije na daftari. "Andika: Rafiki yangu, mtoto hana maziwa. Naomba utuletee ng'ombe upesi."

Niliona haya. Barua gani hiyo, hata mtoto wa darasa la pili angeiandika. Na si mwalimu alisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni? Nikaipamba: "Ndugu, kutokana na mahitaji muhimu ya kifamilia, unatakiwa kuwasilisha mfugo wetu bila kuchelewa." Nilipomsomea baba, hakuelewa yote, ila alitabasamu kwa fahari. Barua akapewa jirani aliyekuwa akienda huko.

Siku nne zikapita. Mdogo wangu alinyweshwa uji mwepesi, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya tano rafiki wa baba akatokea, anamswaga ng'ombe pamoja na ndama wake wawili. Alikataa kiti.

"Nimeleta wote," alimwambia baba kwa Kiiraqw. "Sikujua kwamba siku hizi tunaandikiana kama serikali. Siku tatu nimekaa najiuliza nimekukosea nini."

Baba akaniambia niisome tena ile barua, polepole, na kila neno nilieleze kwa lugha yetu. Nilipofika kwenye "unatakiwa", uso wake ulibadilika. Mimi machozi yalikuwa yananitoka tayari.

"Mimi nilimwambia aandike kwamba mtoto hana maziwa," baba alisema.

Mgeni akageukia mlango wa nyumba. "Mtoto hana maziwa?" aliuliza. "Ningekuja siku ileile."

Hakungoja jibu. Aliomba kibuyu, akachuchumaa palepale uani, akaanza kukamua. Baba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinituma tu nimshike ndama mdogo. Nikasimama nimemshika, huku nikimsikia mdogo wangu ndani akilia njaa niliyomwongezea siku tatu.