Bamia za Fundi Kola

Baba yangu ni fundi cherehani. Mtaani wanamwita Fundi Kola, maana kola zake husimama wima hata mvaaji akisinzia. Cherehani yake ni ya kukanyaga, hivyo jongo lilipomkamata kidole gumba cha mguu, wiki chache kabla ya harusi yangu, nililia kuliko yeye. Gauni langu lilikuwa bado vipande mezani, na alishaapa kwamba hakuna fundi mwingine atakayeligusa.

Daktari alipima damu, akasema asidi ya yuriki imepanda na figo zinaelemewa. Alimpa vidonge, akamkataza maini. Mama akauliza kuhusu maji ya bamia aliyoyasikia redioni.

"Ule ute una sukari za mmea zilizoungana kama mnyororo, mama. Wataalamu bado wanazichunguza, zaidi kwa panya. Anaweza kunywa, ila vidonge asiache."

"Mimi si panya," baba alinong'ona.

Mama hakumsikia, au alijifanya. Kila asubuhi alimpelekea kwenye kibanda chake cha kushonea kikombe cha maji ya bamia, yanavutika kama gundi, na kikombe kilirudi kitupu. Akatamba mtaa mzima. Ajabu ni kwamba kidole kilizidi kuvimba, na kola zikazidi kunyooka.

Siku ya kupima gauni nikaona shati jeupe limetundikwa, mbegu ya bamia imenasa kwenye kola. Nikatia kidole katika bakuli la wanga wa kukazia nguo. Kiliteleza kwa ute wa bamia.

"Baba, na vidonge je?"

"Nameza siku ambazo sijala maini."

"Ni siku gani hizo?"

Akaanza kutafuta sindano iliyokuwa mkononi mwake.

Nilitaka kucheka, lakini hofu ikanishinda. "Mimi gauni naweza kuazima," nilimwambia. "Baba siazimi."

Alimeza kidonge mbele yangu. Kisha nikaingia chini ya meza, kama nilivyofanya utotoni, nikasukuma kanyagio kwa mikono huku yeye akiongoza kitambaa. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika.

"Hata ulipokuwa mdogo ulianza hivyo hivyo," alisema, akatunga uzi upya.

Siku ya harusi alinisindikiza akiwa amevaa kandambili, akiniegemea. Sahani ya maini ilipomfikia, aliitazama, akalitazama gauni, akaisogeza kwa jirani.

"Ni bamia zangu hizo," mama aliwaambia wageni.

Baba akaomba maji ya kumezea kidonge.