Besi Iliyong'olewa Vyuma

Harufu ya vanishi kwa fundi wa viti hapa Ngara imenirudisha kwetu Kinoo. Baba alikuwa ameng'oa vile vyuma vyembamba vya shingoni mwa gitaa lake la besi, akaziba mapengo kwa gundi na kupaka vanishi, ili sauti iteleze kama kwenye kanda alizozipenda.

Jioni moja mimi na mama tulirudi kutoka sokoni tukasikia sauti chumbani, ya chini, laini, kama ya mwanamke anayeimba amefunga mdomo. Mama alinishika mkono nisisonge.

"Babako yuko na nani?" akaninong'oneza.

Akasukuma mlango. Baba alikuwa ameketi kitandani, gitaa mapajani.

"Ni besi tu, mama watoto."

"Besi gani inalia kama mtu? Hebu cheza nione."

Kidole cha baba kikateleza juu ya uzi, na sauti ileile ikatoka. Mama alikitazama kile kidole, kisha akafungua kabati, akainama kuchungulia chini ya kitanda. Hakukuwa na mtu. Akaketi kando ya baba.

"Endelea," akasema. "Lakini huo mlango uache wazi."