Pikapu Iliyotazama Bondeni

Pikapu ya baba haikuwahi kulala ikitazama mlima. Stata yake ilikufa nikiwa mdogo, kwa hiyo kila jioni aliigeuza uwanjani, akaiacha ikitazama bondeni, jiwe kubwa mbele ya tairi. Asubuhi jiwe linaondolewa, inateremka yenyewe, anaachia klachi, inanguruma. Na miaka ile petroli ilipokuwa ya kutafuta kwa tochi, hakuiwasha kabisa mpaka tufike lami. Tuliteremka kimya katikati ya migomba, magunia ya kahawa nyuma, nami nikadhani magari yote duniani huenda hivyo.

Desemba moja kaka yangu alirudi kutoka Dar es Salaam, kama wanavyorudi watu wote wa kwetu, akiwa na gari la saluni, jeupe, lililotoka Japani. Vioo vinapanda kwa kubonyeza, gia zinajibadilisha zenyewe, redio inaimba vizuri kuliko kwaya yetu. Mimi nilikuwa naolewa baada ya Krismasi. Kaka akasema bibi harusi hapandi chuma chakavu. Nitakwenda kwa saluni, na baba ndiye atakayeendesha. Baba alifurahi mno. Tangu nikiwa mtoto alikuwa akisema binti yake wa pekee atampeleka kanisani mwenyewe.

Siku moja kabla ya harusi, alinichukua tukaijaribu. Tulipofika kwenye mteremko, mkono wake ulifanya ulichozoea: ukazima injini. Kumbe gari lile bila injini halisaidii kitu: usukani ukawa mzito kama gogo, breki zikawa ngumu, nikang'ang'ania mlango. Baba alikanyaga pedali kwa miguu yote miwili, akaliingiza gari kwenye majani ya ng'ombe, likasimama. Hatukuumia, wala gari halikuchubuka. Lakini alibaki amekaa, mikono mapajani, na sijawahi kumwona mnyonge namna ile.

"Kesho kaka yako ataendesha," alisema. "Mimi nitafuata nyuma."

Nilikasirika, sijui hata kwa nani. "Baba, kesho napanda gari lako, au naenda kwa miguu."

Aliosha pikapu mpaka jua likazama, mama akatandika khanga mpya kwenye kiti. Asubuhi, kaka mwenyewe alifunga majani ya masale kwenye boneti, na kwetu mtu akikuletea sale ameomba radhi. Jiwe likaondolewa, tukaanza kuteremka. Nilingoja baba aachie klachi, hakuachia.

"Baba, siku hizi petroli ipo," nilimwambia.

"Ipo. Nataka usikie vigelegele."

Basi tuliteremka kimya, yeye na suti yake ya zamani, shingo imenyooka, na wanawake wa kila kihamba, kila nyumba na shamba lake la migomba, wakatoka barabarani. Nilisikia kila sauti, nikajiona mtoto wa mtu mkubwa. Kwenye kona ya kanisa akaachia klachi, pikapu ikanguruma mbele ya watu wote. Niligeuka kumtazama kaka. Alikuwa anatufuata polepole, vioo vyote chini, redio ameizima.