Neno Nililorudi Nalo Kutoka Shule

Mwanangu anakohoa, kwa hiyo asubuhi hii nimechemsha majani ya mkaratusi. Harufu ilipojaa jikoni ikabidi nikae chini. Harufu ile inanisuta, jamani, miaka yote inanisuta.

Nimekulia milimani, juu ya Bumbuli, ambako mwezi wa saba ukungu unaingia mpaka jikoni na watoto wote wanatokwa na kamasi. Mama aliyenizaa alifariki kabla sijaanza kutambaa. Aliyenilea ni mke wa pili wa baba. Nyumbani tuliongea Kishambaa, na kwa Kishambaa chetu alikuwa mama, basi. Mgongo niliobebwa ni wake, sikujua mwingine.

Nikiwa darasa la pili, mwalimu akatusomea hadithi ya mama wa kambo aliyemnyima mtoto chakula. Neno lile lilikuwa geni kwangu. Zaina, niliyekaa naye dawati moja, akaninong'oneza: "Hata wako ni wa kambo. Mama kasema."

Weee! Nilirudi nyumbani na macho mengine. Mama akinituma maji, najisemea moyoni, si unaona, ananitesa. Finyango langu la nyama likawa dogo kuliko mafinyango ya wadogo zangu, ingawa mpakuaji alikuwa yule yule na upawa ule ule.

Wiki hiyo hiyo kifua kikanibana. Akachemsha majani, akanifunika blanketi nijifukize, kama alivyofanya kila msimu wa baridi. Mvuke uliponigusa uso nikapiga yowe: "Mama wa kambo ananichoma!" Nililisema kwa Kiswahili, maana kwa Kishambaa sikuwa nalo. Majirani wakajaa uani. Mama alisimama pale na blanketi mkononi, mdomo wazi. Hakunigombeza. Alinibeba mgongoni, akashuka nami kwenye utelezi mpaka zahanati.

"Wewe ni nani wake?" nesi akamuuliza.

"Mama wa kambo," akajibu taratibu.

Kifua changu kilikuwa kimeegemea mgongo wake, nikalisikia neno likitoka huko ndani. Nikaona nimeshinda. Mungu anisamehe.

Tangu siku ile hajajiita mama mbele yangu, wala mimi sikumwita hivyo tena. Hakupunguza kitu kingine: sare alininunulia, na kwenye harusi yangu alilia kuliko wote. Ila akinipigia simu husema, "Ni mimi, mke wa baba yako." Nilipokuwa mtoto nilidhani nimejua jina lake la kweli. Nimechelewa sana kuelewa kwamba nilikuwa na mama, nikamfukuza kwa neno moja la kuazima, naye akatii.

Leo nimempigia kumuuliza majani yachemke kiasi gani. Simu yake ni ya tochi, na majina hawezi kuyasoma.

"Shikamoo, mama. Ni mimi, mwanao."

Nikamsikia akiihamishia simu sikio la pili.

"Marahaba," akasema. "Mwanangu yupi?"