Gorogoro la Mama wa Mitumba

Mama wa mitumba wa Magwagwa ndiye aliyewavisha wachezaji wetu jezi zao za kwanza, na ndiye aliyewakinga wachuma chai wengi na baridi ya alfajiri. Siku hiyo alileta mifuko ya kulalia. Kwamboka, aliyekuwa aondoke kesho yake kwa baiskeli hadi Kericho, alikuwa ameshaukumbatia ule mnono wa pamba. Mama akafyonya, kama afanyavyo kila mteja akikosea. "Ufunge huo kwa kariari, huko nyuma ya kiti, uone baiskeli ikisimama kwa gurudumu la nyuma kama mbuzi anayekula mti." Akakunja mikono ya sweta, akachukua mwingine mwembamba wa manyoya, akausokomeza kwa ngumi ndani ya gorogoro la kupimia mahindi mpaka ukaingia wote. Kisha akaumwaga mezani. Ukaanza kuvimba wenyewe, polepole, kama kuku anayejipanua juu ya vifaranga. "Manyoya haya bado yana uhai, mwanangu. Pamba ingelala tu hapo." Kwamboka akacheka kwa furaha. Mwaka jana baridi iliwarudisha nusu ya njia, yeye na Bathsheba, mwenzake wa safari. "Na huyo Bathsheba wako atalala ndani ya nini?" Mama akamsukumia gorogoro. "Mchagulie wewe, uupime humu. Mimi nitaangalia mikono yako."